Uliza Anko: Kila wakifungwa inatungwa sheria mpya, kwani inasaidia?

SWALI: Shikamoo Anko. Mi ni dereva wa semi, natokea Kigoma, huku Illinois huu mwaka wa nne. Nyumbani tulikuwa tunaambiwa Marekani hakuna rushwa, ukijaribu kitu kidogo unalala ndani siku hiyo hiyo. Nimefika nakuta magavana wanne wa jimbo letu walishafungwa, na mwaka 2025 kaingia na aliyekuwa spika wa bunge la jimbo, mzee wa miaka 83. Wenzangu tukikaa kwenye kituo cha mafuta wanasema huku kila mkubwa akifungwa inatungwa sheria mpya ya maadili, alafu anafungwa mwingine. Hizo sheria zinazuia kitu kweli au ni geresha tu? (Dereva, karibu na Chicago)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na barabara. Umefanya vizuri kusema we ni dereva, manake stori ya rushwa ya Illinois ukitaka kuisimulia vizuri unaanzia kwenye leseni kama hiyo uliyonayo mfukoni.

Novemba 1994, barabara ya I-94 pale Milwaukee, jimbo la jirani Wisconsin. Kuna lori linatembea, nyuma kuna chuma kimelegea kinaning'inia, madereva wenzake wanamuita kwenye redio kwamba oya simama kuna kitu kinataka kudondoka, jamaa hasimami, Kiingereza hakipandi. Chuma kikadondoka. Gari la familia iliyokuwa nyuma likapita juu yake, tenki la mafuta likatoboka, moto ukawaka hapo hapo. Watoto sita wa familia hiyo wakafa. Baadae ndo ikajulikana leseni ya yule dereva ilitoka Illinois na ilitoka kwa hela, na hela zenyewe hazikuwa zinaishia kwa karani wa dirishani, zilikuwa zinapanda ngazi, kwa sababu wafanyakazi wa zile ofisi za leseni walikuwa wanasukumwa wauze tiketi za hafla za kuchangia kampeni za bosi wao. Bosi alikuwa George Ryan, Katibu wa Jimbo, cheo ambacho huku kazi yake kubwa ni leseni na namba za magari. Sasa we karani umepewa tiketi za kuuza na huna wa kumuuzia, na mbele yako kasimama mtu anataka leseni na mtihani umemshinda, hapo unategemea nini?

Ila mi sikupi hii stori kwa ajili ya ajali peke yake. Ofisi ile ilikuwa na mkaguzi wake wa ndani mwenye cheo kikubwa tu, kazi yake hasa ni kukamata upigaji. Yani chombo cha maadili kilikuwepo! Lakini mkaguzi mwenyewe, Dean Bauer, alikuwa rafiki wa Ryan wa miaka nenda rudi, wote wa mji mmoja, Kankakee. Wapelelezi wa chini yake walipoanza kunusa habari ya ile leseni wakaambiwa acheni. Bauer alikuja kukiri mwaka 2001 kwamba alizuia haki isitendeke. Ryan wakati huo ameshapanda kuwa gavana toka 1999, akatiwa hatiani 2006, miaka sita na nusu, na uchunguzi mzima uliondoka na watu zaidi ya 70.

Kwa hiyo ukiniuliza sheria zinasaidia, na mi nakuuliza sheria ipi na nani kashika ufunguo.

Twende mbele. 2002 akaja Rod Blagojevich, kijana mwenye nywele zake, anagombea ugavana na kauli ni moja, nakuja kufagia uchafu wa Ryan. Watu wakampa. 2003 akasaini sheria kubwa ya maadili ya maafisa na wafanyakazi wa jimbo, ikaleta wakaguzi, ikaleta marufuku ya zawadi, na ikaleta mafunzo ya maadili ya lazima kila mwaka ambayo unayafanya kwenye kompyuta. Hayo mafunzo yana kichekesho chake. Kuna walimu wa chuo kikuu cha Southern Illinois waliomaliza lile somo haraka haraka, majibu wamepata vizuri tu, wakaandikiwa barua kwamba mmemaliza mapema mno kwa hiyo hamjatimiza sheria, saini hapa kukiri. Profesa wa hesabu anaambiwa hajasoma kwa sababu kasoma upesi! Na wakati maprofesa wanahesabiwa dakika, mwenye saini yake kwenye sheria yuko ofisini anapiga mahesabu mengine.

Mi nakumbuka asubuhi ya tarehe 9 Desemba 2008, natoka shifti ya usiku, nimeingia sehemu ya chai kuchukua koti langu nakuta watu wote wamesimama wanaangalia tivii hakuna anayekaa. Gavana kakamatwa nyumbani kwake alfajiri, na alipopigiwa simu na mkubwa wa FBI aliuliza kama ni utani. Alikuwa anataka kuuza kiti cha useneti alichokiacha Obama, simu zimemnasa anasema kina thamani ya dhahabu, siyo cha kutoa bure. Na kuna la hospitali ya watoto ya Chicago, hili mi ndo liliniuma zaidi ya hilo la kiti, kwamba kulikuwa na dola milioni 8 za malipo ya madaktari wa watoto na yeye anataka mkubwa wa hospitali amchangishie dola 50,000 kwanza. Bunge likamtoa Januari 2009, maseneta 59 kwa sifuri, baadae mahakama ikampa miaka 14. Trump akampunguzia 2020 akatoka, na Februari 2025 akamsamehe kabisa.

Sasa usikimbilie kusema umeona Anko, geresha tupu. Kuna sheria moja ndogo hapo katikati watu wanaisahau. 2008 bunge lilipitisha kwamba mtu mwenye tenda za jimbo za zaidi ya dola 50,000 haruhusiwi kumchangia kiongozi anayetoa hizo tenda, kuanzia Januari mosi 2009. Blagojevich akajaribu kuiandika upya, seneti ikawa inasuasua, Obama ambaye yuko kwenye kampeni za urais akampigia simu rais wa seneti ya jimbo akamwambia malizeni hii kitu, wakampiga chini gavana, sheria ikapita kama ilivyokuwa. Ikawaje? Jamaa akaona mwisho wa mwaka dirisha linafungwa, akaanza kukimbiza wakandarasi kama mtu anayekimbizana na duka linataka kufungwa, na kwenye ile haraka ndo FBI wakapata sababu ya kutega vinasa sauti kwenye ofisi yake ya kampeni na simu ya nyumbani. Sheria haikumfanya awe mtu mzuri, na wala haikutaka kumfanya mtu mzuri, ilimpa tarehe tu, na tarehe ilimponza.

Hizi ndo mi naziamini. Haikuambii uwe mwaminifu, inakuambia mtu wa aina hii asikupe hela, kiasi hiki, kuanzia siku hii, na yeyote akifungua daftari anaona. Hata zile ofisi za leseni, aliyempokea Ryan, Jesse White, alikataa kabisa kupokea michango ya kampeni kutoka kwa wafanyakazi wake. Amekaa pale miaka 24. Karani hana tiketi ya kuuza, basi. Bado karani mmoja mmoja mwenye tamaa yake anaweza kutokea, lakini ule mrija wa kutoka dirishani mpaka kwa bosi umekatwa.

Na udhaifu wake nao ndo huo huo, inaziba tundu moja, na hela ni kama maji.

Angalia huyo spika wako. Michael Madigan kaingia bungeni 1971, kashika uspika 1983, ukitoa miaka miwili hapo katikati kakaa nao mpaka 2021, Marekani nzima hakuna spika wa bunge la jimbo aliyekaa hivyo. Na alikuwa mwenyekiti wa chama pia. Simu ya mkononi hana, imeili hana, watu wake wakiongea kwenye simu hawamtaji jina, wanasema "Mwenyewe". Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, manake sisi ofisini kote nilikofanya kazi kuanzia Dar bosi alikuwa ni Mwenyewe, Mwenyewe kaja, Mwenyewe anasemaje.

Baada ya aibu ya Blagojevich bunge likapitisha, na Mwenyewe ndo spika, ukomo wa michango ya kampeni. Kabla ya hapo Illinois ilikuwa unaweza kumpa mwanasiasa hela ya kujenga ghorofa, halali. Kuanzia Januari 2011 mtu mmoja mwisho dola 5,000, kampuni 10,000. Safi. Alafu kampuni ya umeme ya ComEd ilikuja kukiri yenyewe 2020, ikalipa faini dola milioni 200, kwamba kuanzia 2011 mpaka 2019 ilikuwa inawapa watu wa Madigan kazi na mikataba, angalau dola milioni 1.3 kwa watu ambao kazi walikuwa hawafanyi au wanafanya kidogo sana, hela inapitia kampuni ya mshauri ili isionekane, lengo ni kumlainisha Mwenyewe kwenye miswada ya umeme. Umeuona huo mwaka? Mi sisemi moja ilizaa nyingine, wapambe kupewa ajira huku ni kitu cha kale sana. Nasema tu kwamba sheria ilikuwa imekaa mlangoni inahesabu michango ya kampeni, na hii haikuwa mchango wa kampeni, ilikuwa mshahara wa wapambe wake, kama madiwani wastaafu.

Februari 12, 2025 akatiwa hatiani kwa makosa 10 kati ya 23, siku mbili baada ya Blagojevich kusamehewa, we fikiria hiyo wiki ilivyokuwa. Juni akapewa miaka saba na nusu na faini dola milioni 2.5, Oktoba kaingia.

Kuhusu hao magavana wanne, uwarekebishe wenzako kidogo. Ryan na Blagojevich umeshawaona. Otto Kerner alihongwa hisa za viwanja vya mbio za farasi, hiyo ni rushwa ya kweli. Ila Dan Walker alifungwa kwa mambo ya benki aliyoyafanya akiwa ameshatoka madarakani, huyo mnamuonea mkimuweka kwenye kapu moja.

SWALI: Anko salaam. Nakufuata kutoka Mombasa. Mbona hawaundi tume huru ya maadili ya wabunge yamalizike?

JIBU: Ipo. Ila waliomo wameteuliwa na viongozi wa bunge, na kwa miaka mingi waliokaa kwenye viti ni wabunge wenyewe. Kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Chini ya tume kuna mkaguzi wa bunge, na mkaguzi huyo akitaka kumlazimisha mtu kutoa nyaraka lazima aombe ruhusa kwa tume, akimaliza uchunguzi na kukuta mbunge kakosa, ripoti haitoki hadharani mpaka tume ikubali. Kuna kipindi kiti kilikaa bila mtu mpaka Novemba 2017, miaka karibu mitatu, barua za malalamiko zimerundikana zaidi ya 20 hakuna wa kuzifungua, na wananchi walijua hilo baada ya mwanamke mmoja kusimama kusema alilalamika na hakujibiwa.

2021 Madigan ameshatoka, wakapitisha marekebisho mengine. Mbunge akiacha kazi asubiri miezi sita kabla ya kuwa dalali wa kushawishi wenzake (miezi sita! mimba yenyewe haijafika muda). Mkaguzi akaruhusiwa kuanza uchunguzi bila kuomba, lakini hapo hapo wakampunguzia eneo, asiguse mambo ambayo hayahusiani na kazi ya ubunge. Aliyekuwa kwenye kiti, Carol Pope, jaji mstaafu, akaandika barua ya kuacha kazi akasema ofisi yake ni chui wa karatasi.

Na kuna hii ambayo ukimwambia mtu anadhani unatunga. Seneta Terry Link alikuwa mjumbe wa hiyo tume ya maadili. Huyo Link ndo alikuja kuvaa kinasa sauti cha FBI na kumnasa mbunge mwenzake Luis Arroyo akimhonga juu ya mashine za kamari. Unasema afadhali, mjumbe wa maadili kasaidia? Hapana bwana, alikubali kuvaa kwa sababu yeye mwenyewe ameshikwa na kodi. Alikiri.

Utaona kote nilikopita aliyekamata ni FBI na waendesha mashtaka wa serikali kuu. Siyo tume, siyo mkaguzi, siyo yale mafunzo ya kompyuta. Jimbo lenyewe lilikuwa halimuoni mtu ambaye Washington inamuona toka mbali.

SWALI: Anko mi wa Dar, nimesoma sehemu kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imesema kumpa kiongozi zawadi baada ya kazi siyo rushwa. Hii si ile takrima yetu?

JIBU: Umenikumbusha mbali dada. Kwa wasiokumbuka, mwaka 2000 sheria ya uchaguzi Tanzania iliruhusu mgombea kukirimu wapiga kura, ikaitwa takrima, pilau na kanga zikatembea, mpaka Mahakama Kuu ikaifuta 2006.

Huku ni kesi ya Snyder, Juni 2024. Alikuwa meya wa Portage, Indiana, mji ukanunua magari ya taka kutoka kwa kampuni moja kwa zaidi ya dola milioni moja, baadae ile kampuni ikamlipa dola 13,000, yeye anasema ni ushauri. Majaji sita kwa watatu wakasema sheria ile ya serikali kuu inakamata hela iliyokubaliwa kabla ya kazi, ya asante baada ya kazi waachieni majimbo na miji waweke masharti yao. Kwa hiyo siyo kwamba ni halali kila mahali, lakini upanga wa wale wa Washington umepunguzwa makali, na baadhi ya makosa ya watu wanne wa ComEd, wakubwa na washawishi wake waliotiwa hatiani kwa ule mpango wa kumlainisha Madigan, yalifutwa kwa sababu hiyo hiyo. Na kabla yake, 2016, gavana wa zamani wa Virginia aliyepokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000, saa ya Rolex humo humo, hukumu yake ilitenguliwa na majaji wote.

Mi hapa ndo wasiwasi wangu ulipo kuliko kwenye sheria za maadili zenyewe. Illinois imezoea kukaa kizembe ikijua kuna mjomba Washington atakuja na kinasa sauti. Mjomba akichoka, au akiamua kusamehe, zinabaki zile za kwetu, sasa zile za kwetu umeziona. Ukomo wa michango nao una mlango wa nyuma, mgombea wa ubunge akijiwekea mwenyewe zaidi ya dola 100,000 basi ukomo unafutwa kwenye kinyang'anyiro hicho kwa wote, kwa hiyo wakubwa wamekuwa wakijiwekea dola 100,001. Hiyo dola moja ya mwisho ndo ufunguo.

Connecticut walienda njia nyingine. Gavana wao John Rowland aliacha kazi 2004 baada ya kugundulika wakandarasi na wasaidizi wamemkarabatia nyumba yake ya mapumziko ziwani. Mwaka uliofuata wakapitisha kampeni zilipwe na hela ya umma, ukikusanya michango midogo midogo ya wananchi ya kutosha unapewa bajeti na huruhusiwi kwenda kuomba kwa mwenye tenda, na toka 2008 wagombea wengi wameingia humo. Rowland mwenyewe kafungwa mara ya pili, ila hiyo ilikuwa mambo ya kampeni za Congress, bunge la kule Washington, ambako mpango wa jimbo haufiki. Kama nashika kalamu mi ningeanzia hapo, na kuwanyang'anya wabunge kazi ya kujichorea majimbo yao ya uchaguzi, ambayo Illinois wananchi zaidi ya nusu milioni walisaini iende kwenye kura na mahakama ya juu ya jimbo ikaikataa 2016, majaji wanne kwa watatu.

SWALI: Ndugu Anko, mimi ni mama Mukongomani, naishi Moline. Karani mmoja wa serikali alinisaidia sana na makaratasi ya mutoto wangu, alikuwa na uvumilivu na Kiingereza yangu. Nataka kumupikia keki. Sasa na hizi habari zako naogopa. Naweza?

JIBU: Mama, asante kwa barua, imenifurahisha kuliko zote. Ile sheria ya 2003 ya Blagojevich ina vipimo, chakula kisichozidi dola 75 kwa mtu kwa siku kinaruhusiwa, na vitu vingine visifike dola 100 kwa mwaka kutoka kwa mtu mmoja. Kwa hiyo kama huyo karani ni wa jimbo, keki yako kisheria inapita, labda uitie dhahabu. Lakini ofisi nyingi zina masharti yao makali zaidi, utamuweka yule dada kwenye shida ya kujieleza kwa bosi, na kama bado una karatasi nyingine mezani kwake, usipeleke kabisa kwa sasa, hata kipande.

Mwandikie barua. Ya mkono, jina lake vizuri, sema alikusaidia nini na siku gani, alafu kopi mpelekee msimamizi wake, huku barua kama hiyo inaingia kwenye faili lake na siku ya kupandishwa cheo inasomwa. Kijana wako akusaidie Kiingereza. Na keki kama umeshanunua unga, anwani ya gazeti unayo.